Kwa nini tamthilia za anga za zamani zinakushika: jibu kwa dada wa Morogoro

Swali: "Mimi ni muuguzi, naishi Morogoro. Nikitoka zamu ya usiku usingizi hauji haraka, kwa hiyo natazama tamthilia za anga za zamani, hasa Star Trek ile ya kwanza na Doctor Who. Mwanangu wa kidato cha tatu ananicheka: 'Mama, huoni ukuta unatikisika?' Akiniwekea za siku hizi zenye picha za kung'aa, nusu saa haiishi nimeshasinzia. Nina tatizo gani? Na je, ni kweli yule dada wa mawasiliano, Uhura, jina lake ni la Kiswahili? Nikimaliza hizi nitazame nini?"

Dada, huna tatizo lolote, na mwanao naye hajakosea: ukuta unatikisika kweli. Mimi ni mhariri wa miswada ya tamthilia, nilianzia redioni nikahamia kwenye televisheni, na ukiniuliza kazi hii nilifunzwa na nani nitakutajia mkanda mmoja wa video uliokatika.

Ilikuwa Desemba 1992, Tanga. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja, kwa hiyo TV ya mjomba wangu ilikuwa ya deki tu. Mjomba alikuwa baharia. Safari ile alirudi na mikanda aliyonakiliwa na rafiki yake huko Uingereza, na mmoja ulikuwa na hadithi ya Doctor Who ya mwaka 1975 iitwayo Genesis of the Daleks, sehemu sita. Sasa huyo rafiki alitumia mkanda wa saa 2, na hadithi yenyewe inazidi hapo kwa dakika ishirini na kitu.

Tukatazama, watu kumi na moja chumba kimoja, feni imekufa. Daktari, steringi wa tamthilia hiyo, yule mrefu mwenye skafu inayoburuza chini, ametumwa kuzuia viumbe waitwao Dalek wasizaliwe kabisa. Mwishoni anafika kwenye chumba wanamolelewa wakiwa bado viluwiluwi, anatega baruti, anatoka mlangoni ameshika waya mbili, mmoja mkono huu, mwingine mkono huu. Kazi iliyobaki ni kuzigusanisha tu. Anasita. Anamgeukia mwenzake, Sarah, anamwuliza kama ana haki. Ukionyeshwa mtoto, ukaambiwa huyu akikua atakuwa dikteta wa kuua mamilioni, utamuua akiwa mtoto?

Hapo hapo mkanda ukaisha. Mistari miwili, chenga, kwisha.

Tulibishana mpaka Mwaka Mpya. Kaka yangu alisema zigusanishwe na wala hakuna cha kujiuliza. Binti ya mjomba, aliyekuwa akisomea ualimu, akasema ukishawaua kwa kosa ambalo hawajalitenda, wewe ndiye Dalek. Bibi hakujua Kiingereza, akaomba atafsiriwe, akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na mama yao yuko wapi?" Hakuna aliyeweza kumjibu. Na hakuna hata mmoja wetu aliyetaja ukuta, ingawa nilipokuja kuitazama tena ukubwani niliona mapango mengine yamepakwa rangi kama ya darasa la chekechea.

Ninavyoona mimi, kinachokushika wewe ni zile waya mbili. Watunzi wa zamani walizikimbilia kwa sababu hawakuwa na pesa ya kukimbilia kitu kingine.

Chukua Star Trek. Ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 8 Septemba 1966, ikaenda misimu mitatu, vipindi 79. Kila wiki meli yao, Enterprise, inafika sayari mpya. Kutengeneza picha ya meli kubwa ikitua kila wiki kungewamaliza. Ndipo wakabuni kile chumba cha watu kusimama, kumetameta, na kuibukia chini kwenye sayari. Huko kumetameta, dada, ni unga wa alumini uliomwagwa kwenye mwanga mkali na kupigwa picha kwa mwendo wa polepole, kamera ikiwa imegeuzwa juu chini. Milango inayofunguka yenyewe ilikuwa na mtu nyuma ya ukuta anayeivuta, na akichelewa kidogo, nahodha wa meli ya nyota anajigonga pua. Na hili nakupa wewe kama muuguzi: kwa ajili ya kipindi kile cha kwanza kabisa, chenye jinamizi linalofyonza chumvi mwilini mwa watu, walinunua vidumu vya chumvi vya kisasa. Vilipofika vikaonekana vya ajabu mno, mtazamaji asingejua kuwa ni vya chumvi. Havikutupwa. Akapewa Dkt. McCoy, na misimu yote mitatu anawatibu watu kwa kuwapitishia kidumu cha chumvi kifuani.

Mwanao atacheka, na acheke. Lakini mimi nikiwa mezani na muswada naona jambo jingine. Mwandishi aliyepewa pesa ya meli kutua atakuandikia meli ikitua: dakika mbili za moshi na muziki, wewe kichwa kimeshaangukia kochi. Asiyepewa inambidi awaangushe watu katikati ya balaa ndani ya sekunde tano, na balaa lenyewe liwe ndani ya watu, maana nje hakuna kitu ila mwamba wa plasta.

Usije ukadhani nasifu ufukara. Ufukara peke yake hauandiki kitu. Msimu wa tatu wa hiyo hiyo Star Trek bajeti ilikatwa, wakasukumwa Ijumaa saa 4 usiku, saa ambayo vijana waliokuwa wakiitazama wako matembezini, na msimu ukafunguliwa na kipindi ambacho Spock, msaidizi wa nahodha, anaibiwa ubongo. Ubongo wote, dada. Mwili unatembezwa kwa rimoti, kisha McCoy anaurudisha ubongo kichwani, na katikati ya upasuaji mgonjwa mwenyewe anazinduka na kuanza kumwelekeza daktari aunganishe nini na nini. Wewe unayeingia tiatani utanisaidia kueleza. Ukuta ni ule ule, vidumu vya chumvi ni vile vile, ila waya mbili hazipo mkononi mwa mtu yeyote.

Sasa linganisha na The City on the Edge of Forever, ya Aprili 1967. Hii, kusema kweli, iliwagharimu kuliko kawaida yao. Nahodha Kirk na Spock wanajikuta New York ya mwaka 1930, wakati wa njaa na ukosefu wa kazi. Kuna mwanamke, Edith Keeler, anaendesha jiko la kulisha maskini. Kirk anampenda. Spock anagundua kwamba mwanamke huyu akiishi, ataongoza harakati za amani zitakazoichelewesha Marekani kuingia vitani, na Hitler atashinda. Kwa hiyo ni lazima afe siku yake ifike. Inafika: anavuka barabara, lori linakuja, na McCoy, daktari, mtu ambaye maisha yake yote ni kuokoa, anaruka kumwokoa. Kirk anamkumbatia McCoy kwa nguvu, anamzuia. Tunasikia breki na ukelele. McCoy anamtazama haamini, anamwuliza kama anajua alichokifanya. Spock ndiye anayejibu kwa upole kwamba anajua.

Nimeitazama si chini ya mara thelathini. Lori silikumbuki lina rangi gani. Namkumbuka Kirk amemshika mwenzake, macho ameyafumba.

Kuhusu Doctor Who nitakuwa mfupi, maana nikianza sitoki. Sisi wa vibanda umiza tulilelewa na sheria moja, kwamba steringi hafi. Waingereza walikutana na tatizo hilo mwaka 1966, pale William Hartnell, Daktari wa kwanza, alipokuwa mgonjwa asiyeweza kuendelea. Wangefunga duka. Badala yake wakaamua kwamba Daktari si binadamu, na mwili ukichoka anapata mwingine: sura mpya, tabia mpya, mtu yule yule. Ugonjwa wa mwigizaji ukawa ndiyo sheria ya ulimwengu mzima wa hadithi, na sheria hiyo ikaifikisha tamthilia iliyoanza Novemba 1963 mpaka kwa Ncuti Gatwa, aliyezaliwa Kigali na kukulia Uskoti. Steringi anakufa na hafi. Hata ile sauti ya sanduku la buluu analosafiria likiondoka, inayokwaruza kama inalalamika, fundi wa sauti Brian Hodgson aliipata kwa kukwaruza nyuzi za piano mbovu kwa ufunguo wa nyumba ya mama yake. Kisha akairekodi na kuichezea. Nikiwa redioni nilijaribu kwa ufunguo wa godauni na gitaa bovu, nikatoa sauti ya mbuzi.

Na nyongeza kidogo: BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ile ili izitumie tena, na vipindi zaidi ya tisini vya Doctor Who mpaka leo picha zake hazijulikani zilipo. Vingine tisa vilivyodhaniwa vimepotea kabisa vilikutwa Nigeria, mjini Jos, kwenye kituo cha kurushia matangazo, na habari hiyo ikatangazwa mwaka 2013. Afrika ndiyo iliyokuwa imetunza.

Tuje kwa Uhura. Ndiyo, ni Kiswahili, au tuseme ni Kiswahili kilichokatwa mkia na kushonewa mwingine. Nichelle Nichols alipokwenda kufanyiwa majaribio ya uigizaji alikuwa ameshika kitabu, riwaya ya Robert Ruark kuhusu Kenya, jina lake Uhuru. Gene Roddenberry, mwenye tamthilia, akalipenda neno. Lakini Uhuru wakaliona gumu kwa mwanamke, wakalilainisha kuwa Uhura. Mswahili hapo anatabasamu, maana kwetu hakuna jina linalokuwa la kike kwa kuwekewa a mwishoni, na wanawake wanaoitwa Uhuru wapo na hawajalalamika. Jina la kwanza, Nyota, lilikaa miaka mingi kwenye vitabu na midomoni mwa mashabiki, likatamkwa kwenye skrini mara ya kwanza katika filamu ya 2009.

Kuna kipindi cha msimu wa pili, The Changeling, ambacho naomba ukitazame hata ukiwa umechoka. Mashine moja iliyoharibika inafuta kumbukumbu zote za Uhura, na inabidi afundishwe kusoma upya. Anayemfundisha ni muuguzi, Christine Chapel. Wameketi, Uhura anasoma sentensi za mbwa na mpira kama mtoto wa darasa la kwanza. Anafika kwenye neno la Kiingereza la rangi ya buluu, analitamka herufi zote, na ile e ya mwisho anaitoa wazi. Chapel anamsahihisha. Nilipoliona hilo nilipiga kelele peke yangu chumbani: hivyo ndivyo hasa sisi tulivyolisoma! Walioandika pengine walitaka kichekesho tu, ila mwanamke aliyebakiwa na Kiswahili peke yake kichwani angelisoma vile vile. Na kweli, akikasirika, kinachomtoka ni Kiswahili. Lafudhi tuiache.

Nichols mwenyewe alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Alivyokuwa akisimulia, alikutana na Martin Luther King kwenye hafla, King akamwambia kwamba nyumbani kwake wanaitazama, na kwamba haruhusiwi kuondoka, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu weusi wanaonekana wanavyostahili kuonekana. Akabaki. Mwishoni mwa miaka ya sabini NASA ilimtumia kutafuta wanawake na watu weusi wa kujiunga na wanaanga. Mae Jemison, mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kwenda angani, aliyemtaja Uhura kuwa mmoja wa waliomvuta, aliruka Septemba 1992, miezi mitatu kabla ya mkanda wetu kukatika Tanga.

Nikurudishe kwa mwanao. Anakuletea picha za kung'aa, na mimi sina ugomvi nazo. Shida ni kwamba picha ndicho kitu kinachozeeka haraka kuliko vyote. Babylon 5, iliyodumu misimu mitano kuanzia 1994, meli zake zilichorwa kwa kompyuta za Amiga, na wakati ule watu walishika midomo. Leo mwanao atakwambia ni gemu la simu ya bei nafuu. Ila kuna kipindi cha msimu wa tatu, Convictions, ambapo mabalozi wawili wanakwama kwenye lifti baada ya bomu kulipuka. Londo ni wa taifa lililoivamia na kuikalia nchi ya G'Kar. Moshi unaingia, hewa inapungua. Londo anasema tusaidiane tutoke. G'Kar ameegemea ukuta, anakataa, na anacheka. Akimuua Londo kwa mkono wake, wananchi wake 500 watauawa kulipiza kisasi. Lakini hapa haui mtu. Anakaa tu, anamtazama adui yake akifa, na kufa pamoja naye anaona ni bei ndogo. Chumba kimoja, watu wawili wenye vinyago vya mpira usoni, waigizaji Peter Jurasik na Andreas Katsulas, na huwezi kuondoa macho.

J. Michael Straczynski aliandika peke yake vipindi 92 kati ya 110 vya Babylon 5, na hadithi nzima ya miaka mitano aliipanga mapema. Kwa kila mhusika aliacha mlango wa dharura, ili mwigizaji akiondoka hadithi isivunjike. Mlango mmoja aliutumia kwa steringi mwenyewe: Michael O'Hare aliondoka baada ya msimu mmoja, mashabiki wakanung'unika miaka na miaka, wengine wakidhani amefukuzwa. Alikuwa akiugua maradhi ya akili. Straczynski aliahidi kuitunza siri hiyo, akaitunza mpaka O'Hare alipofariki mwaka 2012. Mimi kila mwandishi mchanga akinijia na wazo la misimu kumi namwuliza kwanza mlango wa dharura uko wapi. Wengi hawarudi.

Kwa hiyo utazame nini? Star Trek ya kwanza imalizie kwa kurukaruka: ukiona dakika kumi zimepita na hakuna mtu aliyebanwa na uamuzi, ruka, hasa msimu wa tatu. Kisha Babylon 5, na msimu wa kwanza uuvumilie kama unavyovumilia mgonjwa mbishi. Kuanzia wa pili mambo yanawaka. Halafu Deep Space Nine, 1993 hadi 1999, ambayo haihami sayari kwa sayari, imetulia kwenye kituo kimoja mpakani, na kiongozi wake Benjamin Sisko ni baba anayelea mtoto wa kiume peke yake. Utaona jambo lako humo.

Mkiwa wawili na mwanao, wekeni The Expanse, iliyoanza 2015. Ni mpya, inang'aa, na hutasinzia. Watu waliozaliwa kwenye miamba ya mbali inayolizunguka jua wanachimba na kusomba barafu, wanalipia maji na hewa, na wana lugha yao iliyochanganywa na lugha za dunia nzima. Ukiisikia utadhani Sheng imekwenda angani. Kukubali na kukataa wanaonyesha kwa mikono, kwa sababu ndani ya vazi la anga mwenzako haoni ukitikisa kichwa. Mwache mwanao akueleze meli zinavyogeuka ili zifunge breki. Anayajua hayo kuliko mimi.

Ile Genesis of the Daleks niliipata nzima miaka mingi baadaye, kwenye diski, nikamalizia zile dakika zilizokuwa zimebaki. Daktari hakuamua. Akiwa bado na waya mkononi, anakuja mtu mbio na habari kwamba Davros, aliyewabuni hao Dalek, amekubali masharti, hakuna haja ya kuua, naye anazing'oa kwa furaha. Baadaye mambo yanageuka, anarudi kuzigusanisha, zinamponyoka, na Dalek mmoja anayemfukuza anapita juu ya waya na kulipua chumba cha ndugu zake mwenyewe. Nilikaa pale nikihisi nimeibiwa. Likizo nzima ya kubishana, na mwandishi akamtoa mtu wake kwa mlango wa nyuma.

Nikampigia kaka yangu Tanga kumweleza. Ana wajukuu sasa. Akasikiliza, akasema huo mwisho ni wa uongo, na kwamba yeye angezigusanisha tangu mwanzo watu wakale.